Paa wa Thumuni na Fundo la Ngano

Masikini mmoja alikuwa akichakura jaani kila siku kama kuku, akitafuta punje za mtama zilizotupwa na watu walioshiba. Siku moja vidole vyake vikagusa thumuni. Badala ya kununua chakula, akanunua paa, na watu wa mji wakamcheka, kwa maana mtu asiye na cha kutia tumboni anafuga nini? Paa huyo akasema kama binadamu, akaokota almasi, akaipeleka kwa Sultani Darai, akamposea bwana wake binti wa sultani, akamuua nyoka wa vichwa saba na kumkabidhi bwana wake jumba la nyoka huyo pamoja na mali yote iliyokuwamo. Kisha paa akaugua. Bwana wake, ambaye sasa alikuwa akilala juu ya magodoro ya wakubwa, akaagiza mgonjwa apikiwe uji wa mtama, na aliposihiwa amtazame japo kidogo, akajibu kwamba mnyama mwenyewe alimnunua kwa thumuni tu. Paa akafa, akatupwa kisimani.

Ngano hii ilichapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, ukurasa mmoja Kiswahili na wa pili Kiingereza. Mwaka 1901 ikaingia katika kitabu cha ngano cha Andrew Lang, ikapangwa bega kwa bega na ngano za Ulaya, na sidhani kwamba ilijiona mgeni humo, kwa sababu ndugu zake walikuwa Ulaya tangu zamani. Msomaji wa Kifaransa akimsikia paa wetu humkumbuka mara moja paka wa Charles Perrault wa mwaka 1697, yule aliyeomba viatu, akamdanganya mfalme kwamba bwana wake ameibiwa nguo mtoni, akalihadaa zimwi lijigeuze panya ili alitafune, na kumrithisha bwana wake ngome ya zimwi hilo. Njia ni ileile: maskini, mnyama mjanja, uongo wa nguo zilizoibwa, binti wa mfalme, nyumba ya adui iliyotwaliwa. Ila paka wa Perrault haishii kisimani. Anakuwa bwana mkubwa, na panya hawakimbizi tena isipokuwa kwa kujifurahisha.

Kati ya hao wawili yuko mnyama wa tatu. Giambattista Basile wa Napoli, ambaye kitabu chake kilitoka kati ya 1634 na 1636 baada ya yeye kufariki, ana paka jike anayemtajirisha bwana wake kisha anajifanya amekufa ili ampime. Mke wa bwana anapoleta habari, bwana anamwambia amshike mguu amtupe dirishani. Paka anainuka, anamwaga maneno yote aliyokuwa nayo kifuani, na kwenda zake. Kwa hiyo paa wa Unguja ana undugu wa karibu zaidi na paka wa Napoli kuliko yule wa Paris, na kama kuna mtu aliyekata kipande cha hadithi, mkataji huyo ni Perrault, mtu wa barazani kwa wafalme, ambaye pengine hakuona haja ya kuwaambia mabwana namna wanavyowatendea waliowainua. Ni nani aliyemtangulia mwenzake si swali linalonishughulisha. Linalonishughulisha ni kwamba wasimulizi watatu walifika mahali pamoja, pale mnyonge aliyekwisha kunyanyuka anapotazamana na aliyemnyanyua, na kila mmoja akatoka kwa mlango wake.

Kiswahili kina neno la mahali hapo. Fundo ni pale kamba inapokutana na kamba ikajikaza. Fundo pia ni kinyongo, jambo ambalo mtu amelimeza na halijashuka. Ngano inayodumu ina fundo kwa maana zote mbili: kuna sehemu ambapo matukio yamefungwa haraka mno, na chini yake kuna mtu ambaye hakuulizwa. Hoja yangu ni kwamba usimulizi upya wa ngano katika riwaya, hadithi fupi na ushairi wa leo hufaulu pale mwandishi anapolishika fundo hilo, na hushindwa, hata lugha iwe tamu namna gani, anapobadilisha kila kitu isipokuwa hilo.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona kushindwa kwenyewe kwa karibu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusoma miswada ya shindano dogo la hadithi fupi, vijana wakiwa wametakiwa waandike ngano za jadi kwa ajili ya zama hizi. Walikuwamo akina Sungura kadhaa wenye simu janja. Mmoja alimtumia Fisi ujumbe unaofahamika na kila Mtanzania, ile hela tuma kwenye namba hii, na Fisi akaituma. Nilicheka kwa sauti. Lakini nilipoiweka chini karatasi nikaona kwamba simu ilikuwa imeingia porini bila kugusa chochote: Fisi alikuwa mjinga kwa sababu ni Fisi, Sungura alishinda kwa sababu ni Sungura, na aya ya mwisho ikaanza kwa maneno niliyokuwa nimekwisha kuyatarajia, kwamba hadithi hii inatufundisha. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni nani aliyeamua tangu awali kwamba njaa ya Fisi ni ulafi na ulafi wa Sungura ni akili.

Siwalaumu vijana wale. Wamelelewa na kitabu cha darasani ambacho hakimwachi msomaji aondoke na ngano kabla hajajibu swali la chini ya ukurasa: hadithi hii inatufunza nini? Swali hilo lina manufaa yake kwa mtahini, ila humfundisha mtoto kwamba ngano ni bahasha, na ukishatoa barua iliyomo unaweza kuitupa. Wasimulizi wa kale walikuwa waangalifu zaidi. Waliingia kwa hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, wakikiri mapema kwamba uongo ni sehemu ya mapatano, na wengine wakatoka kwa kusema kuwa ikiwa hadithi ni njema basi ni njema yetu sote, na ikiwa mbaya, ubaya ni wangu mimi niliyeisimulia. Sikiliza ugawaji huo. Wema ni wa umma, lakini lawama anaibeba fanani peke yake, kwa kuwa anajua, na hadhira inajua, kwamba amechagua. Angeweza kumponya paa. Hakumponya.

Hata hao tunaowaita wenye ngano za asili walichagua, tena mara nyingi. Ndugu Grimm wa Ujerumani walipotoa toleo la kwanza la ngano zao mwaka 1812, malkia aliyetaka binti mrembo Snow White auawe alikuwa mama yake mzazi. Katika toleo la 1819 akageuka mama wa kambo, na amebaki hivyo hadi kwenye sinema. Rapunzel wa 1812, yule binti aliyefungiwa mnarani, anauliza, bila kujua anachokisema, kwa nini nguo zake zinambana, na kila mama anayemsomea mwanawe hujua mimba ilikotoka. Matoleo ya baadaye yakaifuta sentensi hiyo. Toleo la saba, la mwaka 1857, ndilo lililotafsiriwa sana duniani, na ndilo wengi hulitetea wakisema waandishi wa leo wanaharibu urithi. Urithi huo ulikuwa umekwisha kurekebishwa mezani kwa miaka 45. Mama mzazi mwenye wivu juu ya mwanawe lilikuwa fundo, nalo halikufunguliwa. Lilihamishiwa kwa mwanamke mwingine ambaye jamii ilikuwa tayari kumchukia.

Mwandishi aliyelielewa jambo hili kuliko wengi ni Angela Carter wa Uingereza. Mwaka 1977 alitoa tafsiri yake ya ngano za Perrault, kazi iliyomlazimu kupita neno kwa neno ndani ya nyumba ya mtu mwingine, na mwaka 1979 akatoa mkusanyiko wake mwenyewe, The Bloody Chamber. Mara nyingi alikataa kwamba alikuwa akiandika ngano za zamani kwa mtindo mpya. Alisema alichokitaka ni kukitoa kile kilichokuwa tayari kimejificha ndani yake. Hadithi inayotoa jina la kitabu ni ile ya mwanamume mwenye ndevu za rangi ya buluu, anayemwachia bibi harusi funguo zote za nyumba na kumkataza chumba kimoja. Kwa Perrault, mke anafungua, anaona maiti za wake waliomtangulia, ufunguo unaingia damu isiyotoka, na kaka zake wanawahi kumwokoa. Mafunzo yanafuata kwa mashairi, la kwanza likihusu ubaya wa udadisi wa wanawake, kana kwamba aliyewaua wake zake ni udadisi.

Carter anaacha ufunguo, anaacha damu, anaacha chumba. Anachokibadilisha ni macho. Bibi harusi wake ni msichana wa miaka 17, mpiga piano asiye na mali, na usiku mmoja kabla ya ndoa anamwona yule bwana kwenye kioo akimkagua kama mnunuzi anavyomkagua farasi. Kisha anajiona mwenyewe kwenye kioo hichohicho, shingoni ana kidani cha yakuti nyekundu kilichombana kama jeraha la kisu, na anatambua kwamba ndani yake mna kitu kinachoitikia. Hapo ndipo mkono wa mwandishi unapofika kwenye fundo. Ingekuwa rahisi kumfanya msichana huyo kuwa mwathirika asiye na doa, na msomaji angefurahi. Carter anamwachia doa. Ufunguo wenye damu unabanwa kwenye paji la uso wake, unaacha alama nyekundu ambayo hakuna poda inayoificha, na msichana anabaki nayo baada ya kuokoka.

Tena kuna simu. Msichana akiwa katika ngome ya mumewe kando ya bahari anampigia mama yake, na kwa kuwa hajui la kusema, anaangua kilio na kumtajia mabomba ya bafuni yaliyo ya dhahabu. Mama anaelewa. Ni nani aliyewahi kulia kwa sababu ya mabomba ya dhahabu? Anapanda treni usiku uleule, anapata farasi, anafika kwenye lango maji yakiwa yanajaa, bastola ya marehemu mumewe mkononi, na kumpiga mkwe wake risasi moja kichwani upanga ukiwa umekwisha kuinuliwa. Kaka wa Perrault hawapo. Wanawake wengi wamelisifu badiliko hilo kwa sababu mwokozi sasa ni mama, na sifa hiyo ni ya haki, ila kwangu uzito umo katika ile simu. Chombo cha kisasa kimeingia katika ngano ya kale kikafanya kazi ambayo ngano yenyewe haikuweza: kimepitisha kilio ambacho mama alikijua maana yake kabla ya mwana. Nikiilinganisha simu hiyo na simu ya Sungura, naona umbali ninaojaribu kuueleza.

Ushairi una njia fupi zaidi. Mshairi halazimiki kusimulia tukio baada ya tukio, maana msomaji anakuja nalo kutoka nyumbani, na hilo si geni kwetu: waliousikiliza Utenzi wa Tambuka tangu Bwana Mwengo wa Athumani alipoutunga Pate mwaka 1728 walijua vita itaishaje, wakasikiliza vivyo hivyo. Anne Sexton, Mmarekani, alichapisha Transformations mwaka 1971, mashairi yaliyotoka katika ngano za Grimm, na mwanzoni kabisa anajitambulisha kuwa msemaji ni mchawi wa makamo, yeye mwenyewe. Kwa hatua hiyo moja amekwisha kubadilisha kila ngano inayofuata, kwa sababu wachawi katika ngano husemwa, hawasemi. Sauti yake ni ya mwanamke aliyechoka jikoni, anayemdharau kidogo mwana wa mfalme na kumhurumia kidogo Cinderella. Anapofika kwenye ile raha mustarehe anaiandika hadi inaganda: mume na mke wamekaa kama wanasesere wawili ndani ya kabati la kioo la makumbusho, hawabishani juu ya yai lichemke kwa muda gani, hawabadilishi mtoto nepi, hawazeeki. Hakuongeza msiba wowote. Alichukua ahadi ya ngano, akaitimiza neno kwa neno, ikawa ya kutisha.

Miaka 28 baadaye Carol Ann Duffy, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kuteuliwa mshairi rasmi wa Uingereza mwaka 2009, alifungua kitabu chake The World's Wife kwa msichana wa kofia nyekundu, yule anayemezwa na mbwamwitu pamoja na bibi yake. Mbwamwitu wake ni mshairi. Amesimama msituni akisoma beti zake kwa sauti, kitabu katika kucha, mvinyo umemdondokea ndevuni, na msichana wa miaka 16 anamfuata kwa makusudi kwa sababu anataka ushairi, na kweli huko pangoni kuna ukuta mzima wa vitabu. Anakaa miaka 10. Mwishoni anamgundua mbwamwitu kuwa anaimba wimbo uleule mwaka hata mwaka, anachukua shoka, na ndani ya tumbo anaikuta mifupa myeupe ya bibi yake. Ni shairi lisilo na wawindaji. Bibi aliyemezwa si tena kikongwe aliyelala kitandani; ni sauti zote za wanawake waliotangulia, zilizoliwa na ushairi wa wanaume, na mjukuu asingezipata kama asingeingia mwenyewe pangoni kwa hiari yake. Perrault alimwacha msichana tumboni, Grimm wakamtoa kwa mkono wa mwindaji, Duffy akauliza alifuata nini. Nadhani hilo ndilo swali ambalo ngano ilikuwa imelikwepa kwa miaka 300.

Baada ya wanawake hao kufungua mlango, wengi wamepita, na si wote waliobeba kitu. Kugeuza upande kumekuwa fomula yenye soko lake: mchawi alikuwa mwema ila hakueleweka, zimwi lilidhulumiwa utotoni, binti wa mfalme anapigana kwa upanga na hahitaji mtu. Nazisoma hadithi hizi kwenye viwanja vya ndege, na sina ugomvi nazo kama burudani. Lakini kumgeuza mbaya kuwa mwema na mwema kuwa mbaya ni kupindua chapati ileile upande wa pili. Ulimwengu wa ngano unabaki na watu wa aina mbili, na msomaji anabembelezwa kwamba yeye yuko upande wa haki.

Helen Oyeyemi, aliyezaliwa Nigeria mwaka 1984 na kukulia London, aliepuka mtego huo katika riwaya yake Boy, Snow, Bird ya mwaka 2014, kwa kushika kitu kimoja tu katika hadithi ya Snow White: kioo. Katika Kiingereza, neno ambalo malkia analitumia anapokiuliza kioo ni nani mzuri kuliko wote lina maana mbili, uzuri na weupe wa ngozi, na Waingereza wamelitamka karne nzima bila kusikia maana ya pili ikigonga. Oyeyemi anaisikia. Anaiweka hadithi Massachusetts katika miaka ya 1950, ambako mwanamke mweupe anayeitwa Boy anaolewa na mjane mwenye binti mrembo aitwaye Snow; Boy anajifungua mtoto mweusi, na siri inafichuka kwamba familia ya mume ni Wamarekani weusi ambao kwa rangi yao waliweza kupita kama wazungu. Mama wa kambo anamfukuza Snow nyumbani, na kwa mara ya kwanza tunaona kwamba anachokiogopa si uzuri wa binti yule bali namna dunia itakavyowapima wadogo wawili kwa kioo kimoja. Mwisho wa riwaya unanikera. Siri ya mwisho, inayohusu mzazi wa Boy, inaletwa kwa haraka na imewagawa wasomaji kwa sababu za haki. Hata hivyo, hakuna mwenye dada au binamu aliyepaka mkorogo Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura akaisoma riwaya hiyo kama habari ya mbali. Sisi tunapotafsiri swali la malkia tunaandika mzuri au mrembo, tukidhani tumelisafisha, ilhali pale saluni, kwenye kioo chenye taa pembeni, sifa ya kwanza anayopewa bibi harusi ni kwamba ametakata.

Kuna namna nyingine ya kulishika fundo, ambayo ni adimu na nzito. Jane Yolen, katika Briar Rose ya mwaka 1992, anamwandika bibi mmoja Marekani aliyewasimulia wajukuu wake hadithi ya binti aliyelala miaka 100, kila mara vilevile na kila mara na kasoro zilezile, mpaka mjukuu mmoja anakwenda Poland na kugundua kwamba bibi alikuwa akisimulia maisha yake: miiba ilikuwa seng'enge, usingizi ulikuwa gesi, ngome ilikuwa kambi ya mauaji ya Chełmno. Bibi hakuchagua ngano kwa kuwa ni tamu. Aliichagua kwa sababu ndiyo lugha pekee aliyobaki nayo.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii ilianza mapema na kwa nguvu, ingawa ilielekea upande mwingine. Mwaka 1976 Ebrahim Hussein alichapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, tungo mbili za jukwaani zilizojengwa juu ya sanaa ya mtambaji, mtu mmoja anayesimama mbele ya hadhira na kuibeba hadithi nzima kwa sauti yake. Ngao ya Jadi inachukua ngano ya joka linalotisha kijiji na kijana anayelikabili, ngano ambayo kila kabila lina toleo lake, na kuitilia shaka pale ambapo bibi zetu walikuwa wakimalizia, yaani kwenye shangwe. Miaka 15 baada ya uhuru wa Tanganyika hapakuwa na mtazamaji asiyejua joka ni nini na shangwe ni ipi. Ngũgĩ wa Thiong'o katika Matigari, riwaya ya Kigikuyu iliyochapishwa mwaka 1986, aliichukua ngano ya mtu mgonjwa anayemtafuta mzee aitwaye Ndiiro ili apate dawa, akamfanya mpiganaji anayetoka msituni kuutafuta ukweli na haki. Ameeleza mwenyewe yaliyofuata: taarifa ziliifikia serikali kwamba kuna mtu aitwaye Matigari anazunguka akiuliza maswali, amri ya kumkamata ikatoka, na ilipogundulika kwamba ni mtu wa kitabuni, mwaka 1987 vitabu vikakusanywa madukani. Sijui sifa kubwa zaidi anayoweza kupewa mtambaji kuliko polisi kutumwa wakamtafute shujaa wake. Naye Kyallo Wadi Wamitila, katika Bina-Adamu! ya mwaka 2002, alimwazima Peter Pan, yule mvulana asiyekubali kukua aliyeonekana jukwaani London mwaka 1904, akamgeuza P.P., nguvu inayochezea dunia nzima na kukwepa kuwajibika. Alichokuwa nacho mvulana huyo tangu mwanzo, Wamitila alikivuta tu nje.

Ninachokiona katika kazi hizo, kwa kadiri ya nilivyosoma, ni kwamba ngano imetupeleka uwanjani, kwa wakubwa na wanyonge, mara nyingi zaidi kuliko ilivyotupeleka chumbani. Sababu si ngumu kuielewa. Mwandishi aliyeishi chini ya serikali za miaka ile alijifunza kwamba joka linaweza kusema yale ambayo mtu hawezi, na hatari ilikuwa uwanjani. Lakini chumbani nako kuna joka. Tazama ngano nyingine ya mkusanyiko uleule wa 1870, ile ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka anakula kuku, sultani anasema paka ni wangu na kuku ni wangu. Anakula mbuzi, jibu ni lilelile. Anakwenda hivyo mpaka anawala watu na wana wa sultani, na ndipo baba anapotambua kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Huo ni uwanja, na mwandishi yeyote wa siasa anaweza kuutumia kesho asubuhi bila kubadilisha neno. Ila katika ngano hiyohiyo mwana mdogo, yule waliyemdharau kwa kukaa jikoni, anatoka kumwinda nunda, na kila akiua mnyama na kumleta nyumbani akiimba, mama yake anamwimbia kwamba siye. Anamwomba aache. Mwana anarudi porini. Mama huyo anatazama mizoga inavyozidi kuwa mikubwa, akijua kwamba siku atakapojibu ndiyo, mwanawe atakuwa amekutana na nunda mwenyewe. Simjui mshairi wa Kiswahili aliyesimama pale mlangoni pamoja naye.

Wala yule binti wa Sultani Darai, ambaye nimemwacha kando tangu mwanzo kama ngano inavyomwacha. Aliozwa kwa almasi aliyoileta mnyama. Akaingia katika jumba ambalo damu ya nyoka ilikuwa bado haijakauka vizuri. Paa alipougua, yeye ndiye aliyemhudumia na kumlilia, na paa alipotupwa kisimani, yeye ndiye aliyemwandikia baba yake barua, na Sultani akaja na watu wake kuomboleza. Usiku ule, inasema ngano, mwanamume aliota anachakura jaani, akaamka akajikuta jaani kweli, mkono wake ukiwa kwenye vumbi na punje za mtama. Mwanamke naye aliota yuko kwa baba yake, akafumbua macho, akawa yuko huko, kana kwamba hakuwahi kutolewa. Mwanamume anapewa watoto wa mjini wa kumzonga na kumuuliza alikokuwa siku zote hizo. Mwanamke haulizwi lolote. Kumekucha, kitanda ni kile cha usichana wake, vyombo vinagongana jikoni kwa baba yake, na ndani ya nyumba ile nzima yeye peke yake ndiye anayekumbuka uzito wa kichwa cha paa kilipokuwa juu ya magoti yake.